Akina Kinyonga wa Tanga

Ukiwauliza wapenzi wa zilipendwa wa Chanika, Handeni, kwamba Simba Wanyika ni bendi ya wapi, wengi watakujibu bila kusita: Kenya. Jibu hilo lina sababu zake. Santuri zao zilitengenezwa Nairobi, kampuni iliyozitoa ilikuwa Nairobi, na kumbi walizozijaza kwa zaidi ya miaka ishirini zilikuwa hukohuko. Lakini waliounda bendi hiyo ni watoto wa Tanga, tena wa nyumba moja: Wilson Peter Kinyonga, George Peter Kinyonga na ndugu yao William. Kwa mtu wa Handeni hao ni watu wa mkoa wake. Mji walikoanzia muziki haufiki hata mwendo wa siku: unatoka Chanika, unatokea Korogwe au Mkata, unapita Segera na Muheza, umefika.

Kisa cha ndugu hawa ni vizuri kuanzia kwenye mkonge, kwa sababu bila mkonge Tanga isingekuwa na bendi za kuwafundisha kazi. Zao hilo lililetwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Katika miche 1,000 aliyoagiza kutoka Florida, Marekani, 62 tu ndiyo iliyofika ikiwa hai. Kutokana na hiyo 62 mashamba yalitanda Pangani, Muheza na Korogwe yote, reli ikapanda kutoka bandarini kuyafuata, na kufikia miaka ya 60 nchi ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka na kuongoza duniani. Wenyeji hawakutosha kwa kazi hiyo, na Wazigua, Wasambaa na Wabondei wengi hawakuwa na hamu ya kukata majani yenye miiba kwa ujira mdogo huku wana mashamba yao. Basi wakaletwa manamba: Wanyamwezi, Waha, Wabena, Wangoni, Wamakonde kutoka ng'ambo ya Ruvuma. Kila watu walikuja na ngoma yao, zikakutana na selo ya Wazigua na mdumange wa Wasambaa. Kambini watu walielewana kwa Kiswahili.

Mfanyakazi wa mkonge alilipwa kwa kipande. Kila alipomaliza kazi ya siku, kadi yake iliwekwa alama, na kadi ikijaa ndipo alipopokea chake. Ndiyo maana katika mji kama Korogwe, wenye korona, yaani mitambo ya kusindika mkonge, na kambi pande zote, siku za mshahara zilikuwa siku za dansi. Wanamuziki wa Tanga walilijua hilo vizuri kuliko mhasibu yeyote. Bendi yenye magitaa, tumba na saksafoni haiwezi kuishi kwa makofi peke yake. Inataka watu wenye fedha taslimu mfukoni, wengi, mara kwa mara. Mkonge uliwapa watu hao.

Katika miaka ya 60 Tanga ilikuwa na bendi mbili zilizotambiana kama Simba na Yanga: Atomic Jazz, iliyokuja kuvuma kwa mtindo wa Kiweke na magitaa ya Stephen Hiza, na Jamhuri Jazz. Hii ya pili ilianza ikiitwa Young Nyamwezi, na jina hilo linakueleza mara moja nani walikuwa wakiijaza. Uhuru ulipokuja bendi nyingi zilibadili majina, ukabila ukaondoka mlangoni na jamhuri ikaingia. Mwaka 1966 ndugu wawili, Wilson na George, walijiunga nayo.

Jamhuri ilikuwa chuo. Ilikuwa na mpiga gitaa la rithimu, Harrison Siwale, maarufu kwa jina la Satchmo, ambaye mkono wake haukukubali kuwa msindikizaji tu. Bendi nyingi za zamani ziliachia solo itambe na rithimu ishike mapigo. Kwa Satchmo rithimu ilisuka, ikajibu, ikaingia kwenye nafasi iliyoachwa na solo na kutoka kabla haijafukuzwa. Atakayesikiliza rekodi za Nairobi za miaka kumi baadaye atatambua ufundi huo umetoka wapi. Juu yake kulikuwa na athari za santuri za Kikuba, zile za GV, zilizoingia Afrika Mashariki tangu kabla ya uhuru, na juu ya hizo kulikuwa na Kongo. Kijana aliyeshika solo miaka hiyo, awe Tanga, Tabora au Morogoro, alitaka kupiga kama Dokta Nico, mpiga solo wa Kongo. Akina Kinyonga nao walitaka hivyo, na Wilson aliutafuta mguso ule laini wa Nico maisha yake yote.

Sasa tazama miaka yenyewe. Mwaka 1967 Azimio la Arusha lilitangazwa na mashamba mengi ya mkonge yakataifishwa. Bei ya mkonge ilikuwa tayari imeanza kuporomoka, kwa kuwa kamba za nailoni na nyuzi nyingine za viwandani zilikuwa zimeingia sokoni. Mwaka 1968 ilitangazwa Operesheni Vijana, iliyopiga vita sketi fupi, nywele za bandia na suruali za kubana. Novemba 1969 ikafika zamu ya muziki wa soul: ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Huko Marekani, wakati huohuo, ndugu watano wa familia ya Jackson kutoka Gary, mji wa viwanda vya chuma jimboni Indiana, walikuwa wanatoa wimbo wao wa kwanza Motown. Mji wa chuma kule, mji wa mkonge huku. Kote miji iliyojengwa na vibarua wahamiaji, na kote watoto wa nyumba moja waliokuwa na sauti zinazooana bila kufundishwa. Tofauti ni kwamba Gary ilikuwa na Motown ya kuwachukua. Tanga haikuwa na kampuni ya santuri hata moja, na nchi nzima haikuwa nayo. Bendi za Tanzania zilirekodi kwenye studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, kanda zikabaki maktaba ya redio. Aliyetaka santuri alifunga safari ya Nairobi, akarekodi, akarudi.

Mwaka 1970 Wilson na George walitoka Jamhuri na kuhamia Arusha. Kwenye ramani ni jambo dogo: barabara inapita Korogwe na Mombo, inaambaa na milima ya Upare hadi Same, Moshi, Arusha. Huko waliunda Arusha Jazz, na hapo William akaingia. Kwa mara ya kwanza bendi ikawa yao wenyewe. Kule Tanga walikuwa waajiriwa wa mtu, wakipangiwa zamu. Arusha wakawa wenye kupanga.

Hawakukaa. Mwaka 1971 walivuka Namanga pamoja na baadhi ya wenzao wa Arusha Jazz, wakaingia Nairobi na kujiita Simba Wanyika. Nyumbani bendi zilikuwa zinazidi kuwa mali ya mashirika, jumuiya na chama. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na mwanamuziki alianza kupokea mshahara kama karani. Huo ulikuwa mpango wenye faida zake: vyombo vilinunuliwa, mtu alikuwa na uhakika wa mwisho wa mwezi. Lakini ndugu wenye bendi yao wangeingia wapi katika mpango huo? Nairobi ilikuwa na watoa santuri, mitambo ya kuzichapa, maduka ya River Road na baa zilizotaka muziki kila wiki. Ilichokosa ni Kiswahili cha pwani kinachoteleza kwenye wimbo, na hicho akina Kinyonga walizaliwa nacho.

Hapa nisimame kidogo kwenye muziki wenyewe, maana wanaoandika juu ya bendi hizi mara nyingi hukimbilia nani alimhama nani.

Santuri ya mizunguko 45 ilikuwa na nafasi ya dakika chache kila upande, na wimbo wa rumba ulikuwa mrefu kuliko hapo. Kwa hiyo uligawanywa: upande wa kwanza ulibeba maneno, taratibu, na upande wa pili ulibeba sebene, magitaa yakichemka. Mwenye gramafoni alilazimika kuinuka na kuigeuza. Simba Wanyika walijua kuutumia mkato huo. Kwenye nyimbo zao za miaka ya 70, kama "Mwongele", sehemu ya kwanza inakwenda bila haraka, sauti mbili zikitembea sambamba, ya pili ikiwa chini kidogo ya ya kwanza, kwa namna ambayo ni vigumu kusema ipi ndiyo inayoongoza. Waimbaji wawili wasio ndugu wanaweza kufanya hivyo, Kongo ilikuwa imejaa mifano, lakini huwachukua mazoezi mengi kuwiana pumzi na matamshi. Wilson na George walikuwa na lafudhi moja, walilelewa pamoja, walivuta irabu kwa urefu mmoja. Solo ya Wilson ilikuwa ikirudia kile koo lilichokuwa limesema, mara nyingine ikikisahihisha. Chini yake rithimu ilisuka kwa ule mtindo wa Tanga, na besi ikaacha mapengo ya kutosha kwa mchezaji kuweka mguu.

Na maneno. Nyimbo zao zilihusu mapenzi yaliyoharibika, fedha inayovunja nyumba, rafiki aliyegeuka. Hakuna fumbo zito la taarabu, ingawa walitoka mji uliokuwa na Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarab vilivyotikisa pwani nzima. Walichagua Kiswahili cha kawaida, sentensi ambayo Mkamba wa Machakos na Mluo wa Kisumu wangeishika mara ya kwanza kuisikia. Mimi naamini huo ndio uliokuwa ujanja wao mkubwa. Kiswahili chao kilikuwa safi bila kuwa kigumu, na Nairobi, ambako Kiswahili kilikuwa kinapindwa kila siku mitaani, ilikipenda kama mtu anavyopenda kupikiwa na mama mtu.

Kampuni ya Polygram ilitoa santuri zao moja baada ya nyingine katika muongo huo, na kwenye kumbi za Nairobi wakawa miongoni mwa bendi za kwanza kutajwa. Kisha siasa ikaja tena, safari hii kutoka juu kabisa. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Miaka sita na zaidi Namanga ilikuwa mlango uliokomewa, na bendi ya Watanzania ilikuwa upande wa pili. Mkoani Tanga, waliobaki wakiwasikia kwenye Sauti ya Kenya, nyimbo zilivuka bila kuonyesha pasi. Watu hawakuvuka kwa urahisi huo. Nadhani hapo ndipo uraia wa Simba Wanyika ulipobadilika vichwani mwa wasikilizaji wa nyumbani: bendi ambayo huioni ikija kupiga kwenye ukumbi wa mji wako, na ambayo inasikika kwenye stesheni ya nchi nyingine, mwisho wake inakuwa ya nchi hiyo.

Mwaka 1978 bendi ilipasuka. Aliyeongoza waliotoka alikuwa mpiga rithimu, Omar Shabani, waliyemwita Profesa. Pamoja naye walitoka mpiga besi Tom Malanga, mpiga drams Rashid Juma na wengine. Ukihesabu vizuri, karibu chumba chote cha injini kiliondoka siku moja. Walijiita Les Wanyika. Wakampata John Ngereza, mwimbaji na mpiga gitaa, na Issa Juma akaingia kuimba. Baada ya mazoezi waliingia studio na mwaka 1979 wakatoa "Sina Makosa".

Wimbo huo hauhitaji kuelezwa kwa mtu yeyote anayesoma Kiswahili. Umepigwa kwenye harusi ingawa ni wimbo wa watu wawili wenye ndoa zao, mmoja akilalamika kulaumiwa. Unaanza kwa rithimu ya Omar, na kwa watu wengi ile rithimu ndiyo Wanyika yenyewe. Hapo ndipo kuna kejeli ya historia hii: wimbo uliolifanya jina la Wanyika lisife haukuimbwa na akina Kinyonga, na gitaa linaloutambulisha lilipigwa na mtu aliyewaacha.

Kwa nini waliondoka? Naweza kusema ninavyoona. Bendi ya ndugu huwa na wenye nyumba na wapangaji. Mpangaji anaweza kukaa miaka saba, akapaka rangi kuta na kupanda miti uani, lakini siku ya kugawana haitwi. Omar Shabani alikuwa na mchango usiopungua wa yeyote katika sauti ya Simba Wanyika, na jina lake lisingeweza kamwe kuwa Kinyonga. Mpangilio huohuo uliowapa ndugu nguvu ya kutoka Tanga hadi Nairobi bila kutengana ndio uliowafanya wengine wote wawe wapita njia. Atomic na Jamhuri, kwa makosa yao yote, hazikuwa na tatizo hilo. Aliyeondoka kwenye bendi hizo alikuwa akiacha kazi, haachi ukoo wa watu.

Lakini wenye nyumba nao waligombana na paa lao. Mwaka 1980 George mwenyewe alitoka kuunda bendi yake, Orchestra Jobiso. Hakukata kamba kabisa: aliendelea kurudi studio kurekodi na kaka yake chini ya jina la Simba Wanyika, halafu anarejea kwenye bendi yake. Ni jambo ambalo mtu asiye na ndugu atalishangaa. Mwenye ndugu hatalishangaa.

Mwanzoni mwa miaka ya 80 Issa Juma naye alitoka Les Wanyika, akaanzisha Super Wanyika Stars. Sasa yakawa makundi matatu yenye neno moja kwenye jina, yote yakiwa na mizizi katika chumba kimoja cha mazoezi, yote yakitoa santuri Nairobi, na mnunuzi wa River Road akawa hana hakika anachukua ya nani. Kwenye baadhi ya santuri za akina Kinyonga yalichapwa maneno "Simba Wanyika Original". Neno hilo la mwisho lina uchungu wake. Hakuna anayejiita wa asili kabla hajaigwa. Issa Juma alikuwa mwepesi, akichanganya rumba na benga ya Wakenya, akibadili majina ya bendi yake mara kwa mara. Mwaka 1988 alipata kiharusi na kazi yake ikaishia hapo.

Wilson alibaki. Miaka ya 80 haikuwa rahisi kwa mwanamuziki wa kigeni Nairobi; katikati ya muongo serikali ya Kenya ilikaza masharti ya vibali vya kazi, na bendi nyingi, hasa za Wakongo, zilisambaratika au zikafungasha. Kaseti za kudurufu zilikuwa zinaua santuri: mtu ananunua moja, kesho yake zipo mia sokoni, na aliyeimba hapati hata senti. Hata hivyo Simba Wanyika waliendelea kutoa albamu, "Haleluya" na "Baba Asiya" zikiwamo, na "Shilingi" ikawa wimbo wa kila baa iliyokuwa na mdaiwa. Magitaa yalikuwa yameongezeka kasi kufuata ladha ya Kenya, saksafoni imebaki, na zile sauti mbili, George akiwepo, bado zilikuwa zikitembea sambamba.

Kisha Ulaya ikaja, ikiwa imechelewa. Mwishoni mwa miaka ya 80 wapenzi wa muziki wa Afrika huko walikuwa wanatafuta kilicho nje ya Kinshasa na Dakar, na mwaka 1992 kampuni ndogo ya Uholanzi, Kameleon, ilitoa "Pepea" kwenye sidii. Hiyo ndiyo rekodi yao iliyo safi kuliko zote kwa ubora wa sauti. Magitaa unayasikia moja moja, kila uzi mahali pake, bila ule mkwaruzo wa santuri za Nairobi zilizochezwa mpaka sindano ikalia. Wapo wanaosema ni baridi mno. Mimi siko upande wao. Kwa mara ya kwanza kazi ya ndugu hawa ilisikika kama walivyoisikia wao wakiwa studio.

Mwisho wa mwaka huohuo, 1992, George akafariki. Wilson aliendelea kidogo, akafariki mwaka 1995, na Simba Wanyika ikaisha. Les Wanyika iliishi kidogo zaidi: Omar Shabani alifariki mwaka 1998 na John Ngereza mwaka 1999. Katika miaka saba karibu wote waliopigania jina lile walikuwa wamekwenda.

Mashamba ya mkonge ya Korogwe yapo bado, baadhi yakifanya kazi, mengine yamegeuka mashamba ya mahindi. Barabara ya Korogwe hadi Handeni sasa ni ya lami. Kwenye magari yanayopita humo na kwenye baa za Chanika zilipendwa bado zinapigwa, na wimbo wa Wanyika unaopigwa zaidi ni "Sina Makosa". Nyimbo za ndugu wenyewe zinahitaji kuombwa. Anayetaka kuwasikia aombe "Mwongele", halafu "Sikujua Utabadilika", kwa mpangilio huo, na asiwasikilize wakati watu wanapiga soga.